Mkono Mtupu na Kikombe cha Maziwa

Homa iliyonipata baada ya kumzaa kifungua mimba wangu ilinikausha maziwa yote. Enzi hizo za Mwingereza, hapa Njombe, mtoto akalelewa kwa kijiko na maziwa ya ng'ombe. Mama mkwe akawa ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema, "sembuse ziwa tupu? Mjukuu wangu hatakujua wewe. Nitampeleka Wanging'ombe kwa wifi yako, ana maziwa ya kuwatosha wawili."

Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara kule Makambako, na hata akiwa nyumbani, mbele ya mama yake alikuwa hodari wa kukohoa tu. Niliogopa sana. Nilimtaka mwanangu.

Basi nikaomba tusubiri baridi ipite. Baridi ya Njombe haina mjadala, hata mama mkwe hakubishana nayo. Nikamfunga mtoto kifuani badala ya mgongoni, ngozi yake kwenye ngozi yangu, blanketi juu yetu. Majirani wakacheka: mwanamke gani huyu, kazaa na bado ana mimba! Nilipomlisha nilimtazama machoni, naye akanikazia macho kama karani wa bomani. Akilia, kifua kilinibana kana kwamba maziwa yanakuja. Hayakuja. Siku hizi mjukuu wangu, ambaye ni mkunga, ananiambia hizo ni homoni, hata asiyenyonyesha huzipata akimkumbatia mtoto. Sisi tulisingizia baridi.

Ilipopungua, mtoto alikuwa anatambaa. Siku moja mume wangu akiwa amerudi nyumbani, mama mkwe akataka mashindano. Yeye akae upande mmoja wa ua na kikombe cha maziwa vuguvugu, mimi upande wa pili mikono mitupu, mtoto katikati na njaa yake. Akikifuata kikombe, safari ya Wanging'ombe. Tulipokwisha kukaa akasema, "Mwanangu, nasikia baridi. Hebu nipe blanketi lako."

Na jua lilikuwa linawaka! Lakini mkwe haambiwi hapana. Akajitanda harufu yangu yote.

Mtoto akaenda kwake moja kwa moja. Akalinusa blanketi, akamtazama bibi yake usoni, akanusa tena. Kisha akalivuta kwa nguvu zote, kikombe kikammwagikia bibi mapajani. Mwizi wangu mdogo akageuka, akaja akitambaa huku analiburuta blanketi vumbini mpaka kwangu. Kwa njaa aliyokuwa nayo, akakishika kiganja changu akakilamba.

Nikakiinua, kinang'aa mate. "Mama," nikasema kwa adabu zote, "mkono umelambwa."

Mume wangu akakohoa.

Mama mkwe akaikamua kanga yake. Halafu akaninyooshea kikombe.

"Kachemshe mengine," akasema. "Mtoto wako ana njaa."