Mama Ratri Ashuka Njiani

Kwa miaka ishirini na sita Darsono aliendesha basi la Solo kwenda Semarang. Alipostaafu aliliacha basi, lakini ratiba haikumtoka mwilini. Akanunua gari dogo kuukuu, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipompeleka mkewe, Warsini, Semarang kumwona mjukuu wao, mtoto wa binti yao Ratri, alitazama saa wakiondoka na saa wakifika, kisha akawatangazia wenyeji dakika alizotumia kabla hata hajawasalimia. Siku hizi alipita barabara mpya ya kulipia, isiyokatiza mji wowote. Warsini aliichukia barabara ile. Aliichukia kimyakimya, jambo ambalo baadaye lilimuuma sana.

Kwenye barabara ya zamani, karibu na Ampel, alikuwa akiishi Tukinem. Walikuwa wasichana pamoja kwenye ghala la tumbaku, wakichambua majani mpaka vidole vinakuwa vyeusi, wakila sahani moja. Mwaka huo Tukinem aliugua figo. Alipiga simu mara tatu.

"We Warsini, mnanipita kila mwezi kama upepo. Simameni basi, mnywe hata chai."

Kila mara Warsini alimweleza mumewe, na kila mara Darsono alijibu, "Tukirudi." Na wakirudi, ama jua limekuchwa, ama amechoka, ama mvua inakuja.

Jumamosi moja walikuwa wameshashika ile barabara ya kulipia, Warsini amepakata bakuli la bati la wali wa kunata wa sukari guru aliompikia mjukuu, ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa Lestari, binti wa Tukinem. Mama amefariki juzi, ameshazikwa, leo alasiri ni kisomo cha siku ya tatu.

Warsini aliusoma kwa sauti. Darsono alisikitika kweli, akatikisa kichwa. Kisha akatazama saa.

"Njia ya kutokea Boyolali tumeshaipita, Mama Ratri. Tukizunguka ni saa nzima. Na mwenyewe ameshazikwa. Tutapita tukirudi."

Darsono aliposimama kwenye kituo cha mapumziko kwenda msalani, Warsini alichukua mkoba na bakuli lake, akashuka. Walikutana mbele ya msala, mwanamume anafuta mikono kwenye suruali.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Tukinem."

"Kwa miguu? Hii ni barabara kuu, mwanamke. Hapa hapana pa kutokea."

"Na wapishi wa hapa wanaingilia wapi? Wanaangushwa na ndege?"

"Punguza sauti. Watu wanatutazama."

"Waache watutazame. Wewe miaka thelathini na mitano hujatazama kitu ila hiyo saa. Harusi ya mdogo wangu tulifika wa kwanza, tukaondoka bibi harusi hajatoka chumbani. Mama yangu anaumwa, tulikaa kwake dakika ishirini, ukawa unapiga honi nje. Haya, nenda. Kawahi."

Nyuma ya majiko palikuwa na upenyo kwenye uzio wa wavu. Mwosha vyombo mmoja alimwonyesha bila kumuuliza neno. Alishuka katikati ya mihogo, viatu vikijaa udongo, akatokea barabara ya kijiji na kupata bodaboda.

Lestari alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha mkekani kati ya wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu.

"Alikuwa akiniuliza?" Warsini alisema.

"Kila Jumamosi ya kwanza alikuwa akioga mapema, mama mdogo. Anavaa ile blauzi yake ya kijani ya kebaya, anakaa barazani. Tukimwambia aingie ndani, hataki."

Hapo Warsini alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira zaidi ya msiba. Nje mlangoni basi la Solo lilipita likipiga honi. Akalitazama mpaka likapotea. Mabasi yale hayakuwahi kuacha kupita. Nauli anayo. Nani alimfunga kamba kwenye kile kiti cha gari? Alikaa akisubiri kupelekwa kama gunia.

"Ningeweza kupanda basi," alisema.

Lestari aliendelea kumenya vitunguu. Hakumpinga.

Darsono alifika kisomo kinaanza. Alikuwa ameiacha barabara ya kulipia kule Salatiga, akarudi kwa barabara ya zamani huku akiuliza njia. Alikaa na wanaume mpaka mwisho. Mara mbili Warsini alimwona akichungulia saa chini ya mkono wa shati.

"Nimekosa," alisema wakiwa garini wakirudi nyumbani Solo, safari ya Semarang wameiahirisha.

"Ndiyo," Warsini alijibu.

Tangu mwezi uliofuata anakwenda Semarang kwa basi. Anashuka Ampel, anakula na Lestari, anapanda jingine. Darsono alitangulia kwa gari miezi minne, akawa anafika muda wa saa tatu kabla yake na kukosa wa kuzungumza naye njiani. Mwezi wa tano aliomba wafuatane.

"Panda, basi si langu," Warsini alimwambia.

Darsono alikaa dirishani, akalalamika kuhusu dereva: gia anaziingiza vibaya, kituoni anakaa mno, hapa angeshalipita lile lori. Walipofika Boyolali, Warsini alimwambia anyamaze, kwa sauti iliyomfanya kondakta ageuke. Darsono akanyamaza. Warsini akanunua karanga za kuchemsha kwa mchuuzi aliyepanda, akazila peke yake.