Kigali Hadi Vancouver, Mama Akiwa Amesimama

Dada yangu mdogo alipojifungua mapacha huko Vancouver, Mama alitangaza mezani, nyumbani kwetu Kagugu, kwamba anakwenda kuwaona. Hakuomba ruhusa. Aliomba chumvi, akaendelea kula.

Kaka yangu aliweka uma chini. Ni mtu wa ofisi, Kimihurura, amezoea kusikilizwa. Alitoa simu, akatafuta umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, akaiweka mbele ya macho ya Mama. Mstari wa buluu ulikatiza nusu ya dunia.

"Kilomita elfu kumi na nne, Mama. Na hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukijumlisha kungoja njiani, ni zaidi ya siku nzima. Kwa magoti hayo?"

"Kwani mimi ndiye nitakayeirusha?"

Nilicheka. Kaka hakucheka. "Watu wa umri wako damu inawaganda miguuni. Wengine hawafiki."

"Oya," Mama alikataa kwa Kinyarwanda. Kisha akarudi kwenye Kiswahili cha Karagwe, alikotulea ukimbizini. "Nilipovuka mpaka na wewe mgongoni, nani alinipimia njia? Ningengoja kupimiwa, usingekuwa na hicho kidole cha kunionyeshea simu."



Nilimpeleka kwa daktari. Alimpima, akasema anaweza kusafiri mradi avae soksi za kubana na asikae muda mrefu bila kutembea. Kaka aliposikia hayo, na kwamba nitafuatana naye, alisema hatatusindikiza uwanjani.

"Asitusindikize," Mama alisema. "Mabegi yana magurudumu."

Tuliondoka wawili. Aliyeogopa ni mimi. Nilikodolea macho ramani kwenye kioo cha kiti cha mbele yangu, kindege kile kidogo juu ya bahari, naona kama hakisogei. Mama alikuwa nyuma karibu na vyoo, ameshika kiti cha mtu, anawasalimia kwa Kiswahili wote waliopanga foleni, wanaoelewa na wasioelewa. Mhudumu alimwomba arudi kwenye nafasi yake, nikaenda kutafsiri.

"Anasemaje?" Mama aliniuliza.

"Anasema ukakae."

"Mwambie nimeshakaa. Sasa ni zamu ya miguu."

Alikaa taa za mikanda zilipowaka tu, tena kwa kununa.

Tulipotua Vancouver miguu yake ilikuwa imevimba, viatu vimekataa kuingia. Kijana wa uwanjani akaleta kiti cha magurudumu. Mama alimshukuru, akaweka viatu na mkoba wake juu ya kile kiti, akakisukuma mwenyewe, miguuni soksi tu, hadi mlango wa kutokea. Dada yangu alimwona akaanza kulia. Mama hakulia. Alinyoosha mikono yote miwili, akawadai wajukuu wote kwa pamoja.

Mimi nilirudi kazini. Yeye alibaki hadi theluji ikaisha. Nilipompigia kumwambia nitakwenda kumchukua, alinikatia simu. Alirudi Kigali peke yake, na kabla hajafungua begi akasema mwakani anakwenda tena.