Mshale wa Evelio

Nereida Cabrales wa mji wa Cienfuegos hakuamini kitu mpaka kiwake mezani kwake. Meza yenyewe ilikuwa ya jikoni, na ndiyo hiyo hiyo ya karakana: upande huu sufuria ya maharagwe meusi, upande ule betri ya gari, balbu ndogo ndogo, na swichi ya sauti ya redio kuukuu iliyojifanya tangi la mafuta. Ukiizungusha kulia, tangi limejaa, kushoto, limekwisha. Bodi yoyote ya dashibodi ilipita hapo kabla ya kufungwa garini. Mwenye gari akileta haraka zake, alipewa kahawa na kuambiwa akae.

Ufundi huo alifundishwa na marehemu mumewe, Casimiro, kama kufundishwa ndilo neno lake. Miaka yote ya ndoa yule bwana alisimama nyuma yake akimsahihisha. Lehemu yako nyingi. Lehemu yako haba. Unatia lehemu kama mtu anayepaka siagi. Mtaa mzima wa Tulipán ulijua kwamba Casimiro hakosei, maana mwenyewe hakuchoka kuutangazia. Alipokufa, Nereida alimlilia kwa dhati. Mpaka leo alikuwa akibishana naye moyoni, na mpaka leo alikuwa akishindwa.

Asubuhi moja akaja Evelio, dereva wa teksi, na gari la Kirusi alilorithi kwa baba yake. Taa zote za dashibodi zilikuwa zikiwaka kwa mpigo kila akikata kona, abiria wakadhani wako kwenye sherehe. Alikuwa ameing'oa bodi ya zamani, akapata nyingine kwenye gari la binamu yake lililokufa. Nereida akaiunganisha na betri. Taa ya oili ikawaka, ya breki ikawaka, ya indiketa ikapepesa. Akazungusha swichi kulia, na mshale wa mafuta ukapanda taratibu hadi juu kabisa.

Evelio akatikisa kichwa. "Hii mbovu, shangazi. Mshale unakwenda kinyume."

"Kinyume na nini? Tangi limejaa, mshale uko juu."

"Ndiyo nakwambia. Kwangu ukiwa juu, natafuta mafuta."

Akamweleza kwamba gari lile limekuwa hivyo tangu yeye mdogo. Baba yake aliliendesha hivyo, mkewe analiendesha hivyo, shemeji zake pia. Mshale ukilala chini, familia nzima inalala usingizi.

Nereida akaitaka bodi ya zamani. Akaigeuza, akafuta masizi, na hapo nyuma ya mshale akaona nyaya mbili zimepishanishwa, zimeshikwa na matone ya lehemu manene kama maharagwe. Cienfuegos nzima ni mtu mmoja tu aliyetia lehemu hivyo. Casimiro alikuwa ameufunga mshale kinyume, tena bila shaka aliufunga bila kuujaribu.

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha kicheko kikamkatikia. Kosa la Casimiro alikuwa nalo mkononi, na wa kuonyeshwa hayupo. Kwa hilo alimkasirikia kuliko kwa yote aliyowahi kumfanyia.

Akasema bodi mpya ataiacha ilivyo, mshale useme kweli. Evelio akamshika mkono.

"Usinitengenezee, shangazi. Mke wangu kesho anakwenda Santa Clara. Ukimnyooshea huo mshale, atanilalia njiani Ranchuelo, bila mafuta."

Basi Nereida akawasha chuma cha lehemu, akazipishanisha nyaya za bodi mpya kama zilivyokuwa kwenye ya zamani. Akazungusha swichi kulia, mshale ukashuka. Kushoto, ukapanda. Alipoiweka katikati, mshale ukaegemea kidogo upande mmoja, naye akazifungua nyaya akaanza upya, huku Evelio akinong'ona kwamba hapo si mbaya. Si mbaya haikumtosha. Kama bodi ni ya kudanganya, basi idanganye sawasawa. Mara ya pili mshale ukasimama katikati, wima.

Evelio, akiifunga bodi kwenye gazeti, akauliza ni nani aliyelifanya gari liwe hivi, maana baba yake hakuwahi kumwambia.

"Casimiro."

"Haiwezekani. Mzee Casimiro alikuwa hakosei."

"Alikosea," akasema Nereida kwa sauti, katikati ya jiko lake. Kisha, kwa mazoea, akangoja ajibiwe.