Darubini ya Bunduki ya Upepo

Asubuhi ya mchujo wa timu nilikuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa klabu yetu ya kulenga shabaha: "Ni marufuku kufunga darubini ya bunduki ya upepo juu ya bunduki ya risasi."

Klabu nzima, mwenye darubini hiyo alikuwa mmoja tu.

Mimi.

Turudi nyuma kidogo.

Kazi yangu ni kusaga vioo vya miwani. Darubini aliniachia marehemu mjomba. Bunduki yake ya upepo ilichakaa, kioo kikabaki kizima, nikakihamishia kwenye bunduki yangu ya risasi ndogo.

Siku ya kwanza tu, mwenyekiti akanisema mbele za watu.

"Dada, hicho kidude ni cha kuwindia panya. Hakimalizi risasi kumi, kitapasuka."

"Mwenyekiti, bunduki ya upepo yenye springi inatikisa mbele na nyuma. Hii yangu inasukuma kidogo tu. Aliyezoea rungu hatishwi na kofi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Lakini sitawaficha, mwanzoni nilipiga ovyo. Mita hamsini, risasi zinatawanyika kama mtama uliomwagika. Nikisogeza jicho kidogo, msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo nao unahama kwenye shabaha. Wakaanza kuniita Mama Panya.

Aliyeniokoa ni mke wa mwenyekiti. Yeye ndiye fundi wa bunduki pale klabuni, mtu mkimya, tunamwita Mama Nati.

"Mwanangu, kioo chako kimewekwa kwa umbali wa mita kumi," aliniambia. "Zungusha hii pete ya mbele mpaka hamsini."

Nikazungusha. Msalaba ukatulia tuli.

Mtu wa vioo kama mimi, niliona aibu kweli.

Toka hapo nilipiga kila Jumamosi. Risasi elfu na ushee, kioo hakina hata mkwaruzo.

Ndipo likaja lile tangazo. Na kwenye timu imebaki nafasi moja.

"Ivue au urudi nyumbani," mwenyekiti akaniambia.

"Siivui na siondoki."

"Hii klabu ina sheria."

"Sheria ambayo gundi yake haijakauka?"

Nikalala kwenye mkeka, nikapakia. Kila mtu anatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akamgeukia mkewe. "Fundi, waambie hawa. Inafaa au haifai?"

Mama Nati akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Inafaa, mume wangu. Hata darubini yako ni ya bunduki ya upepo."

"Yangu?"

"Ya kwanza uliiangusha mwaka juzi, ikapasuka. Ukaniambia nikufungie yoyote, watu wasijue. Nikafunga iliyokuwepo. Vikombe viwili umevichukua nayo."

Mwenyekiti akaitazama bunduki yake kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake. Kisha akaenda mlangoni, akabandua karatasi kwa mkono wake mwenyewe.

Nikapiga.

Nafasi niliikosa kwa pointi moja. Risasi ya mwisho niliipiga kwa hasira, na hilo kosa ni langu, si la darubini. Msimu ujao nipo, na kioo kilekile.

Ndugu msomaji, ukiambiwa kitu chako hakifai, uliza kimejaribiwa na nani. Wengi wanaokataza hawajawahi kukigusa.

Wengine wanacho mkononi, hawajui.