Chungu Nilichokisugua Mpaka Kikang'aa

Mjukuu wangu Neema anasoma habari za Wamaya, watu wa kale waliopika chumvi kandokando ya bahari. Bahari ilipanda ikameza vibanda vyao, na leo yeye na wenzake huzamia humo kutafuta nguzo na vigae. Hapa Buffalo, Marekani, nimelisimulia kanisa zima. Kusoma sikusoma, lakini kujivuna najua.

Alifinyanga chungu kama chao, akachemshia humo maji ya chumvi siku nyingi, awaonyeshe walimu wampe alama za mwisho. Asubuhi ya siku yenyewe nikakikuta mezani, ndani kimeganda ukoko. Bon, kwetu milimani mwanamke hatoi chombo kichafu mbele ya wageni. Nikakiloweka, nikasugua. Yale maji ya moto yakanichukua mbali: nikaviona vibanda vile chini ya bahari, moshi ukipanda polepole katikati ya samaki, na wanawake wakiniita nikakoroge nao. Nikasugua huku naimba. Kisha nikakifunga kwa kitenge changu kizuri.

Darasani nilikaa mbele kabisa. Neema akafungua kitenge, akachungulia ndani, akapitisha kidole.

"Tate," akaniita mimi bibi yake kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu Kiingereza, "chumvi iko wapi?"

"Chumvi gani, mama? Mimi niliosha uchafu tu."

Walimu wakaomba watafsiriwe. Neema akafumba macho, akawatafsiria yote, na lile neno uchafu pia.