Sauti Moja kwa Kambere

Kavuo alikuwa na ulimi mkali, na aliyeuonja zaidi ni kompyuta ya redio yao pale Butembo. Kila asubuhi aliitukana, kisha akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge. Ilikuwa kuukuu, ikiendeshwa na mfumo wa Linux, na kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno.

Vita vilipofika kijiji cha Luofu, waliokimbia walijaa mlangoni wakiwatafuta watoto waliopotea njiani. Kusoma majina hakukusaidia kitu. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambere, wa jirani naye ni Kambere. Ita mmoja uone wangapi watageuka! Ndiyo maana Kavuo alirekodi sauti za mama zao wenyewe.

Emérence, mama wa Kambere mmojawapo, alirekodiwa akiwa kwenye machela, ana risasi tumboni. Kesho yake asubuhi walimzika.

Jioni hiyo, kipindi kikikaribia, Kavuo alifungua rekodi na mashine ikaganda. Mukendi, mwalimu kutoka Kasai aliyewasaidia, aliona kasoro mara moja: kumbukumbu ikijaa, Linux huazima nafasi kwenye diski, nafasi iitwayo swap, na hapa hapakuwa nayo.

“Tukate disque, mama Kavuo. Swap ikuwe na partition yake, fungu yake peke yake. Itaenda mbio.”

“Na groupe ikizimika tukiwa tunakata?”

Nje groupe, yaani jenereta, ilikuwa inakohoa, mafuta yanaisha. Mukendi alikuna kichwa. “Donc yote inapotea.”

“Prof, fanya fichier tu, katikati ya zingine. Hapana kukata kitu.”

“Itakuwa polepole, mais kipindi kinaanza.”

“Ikuwe polepole! Ule mama banamuzika leo asubuhi. Nani atarudilia kusema?”

Diski ilikuwa imejaa. Ili faili lipate nafasi, Kavuo alifuta nyimbo za kwaya ya harusi yake. Aliogopa, wala hakuficha. Mukendi akaenda hewani kusoma bei ya maharagwe, akaisoma tena, huku diski ikikwaruza. Mwishowe sauti ikatoka: “Kambere, mutoto yangu, hapana kurudia Luofu. Enda Rughenda, kwa shangazi yako Rébecca.”

Baada ya siku chache Rébecca alimleta Kambere redioni. Mtoto hakulia. Aliitazama ile mashine.

“Mama Kavuo, mumufanye aseme tena.”

Kavuo akabonyeza. Mashine ikakwaruza, ikakawia sana, na siku hiyo hakuitukana.