Ukwe Ndani ya Fleti Moja

Kwetu Shinyanga mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupinda kona. Sasa chukua adabu hiyo uiingize kwenye fleti ndogo ya Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, Uswidi: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea, korona ikamfungia huku.

Tuliiweza hivyo hivyo. Kila nilipotaka kutoka chumbani nilikohoa kidogo ili mama ajue napita, naye akaingia jikoni na kurudishia mlango. Watoto, ambao hutujibu kwa Kiswidi hata tunapowagombeza kwa Kiswahili, waliuliza kama bibi ananiogopa. Mke wangu akawaambia ndiyo, na nyinyi jifunzeni.

Nilikuwa nasafisha ofisi za makampuni ya kompyuta huko Kista, upande wa pili wa jiji. Siku usiyofika hulipwi, kwa hiyo redio iliposema mwenye mafua hata kidogo abaki nyumbani, nilicheka kwa hasira. Wahandisi wa ofisi hizo walibaki kweli. Walihamia kwenye nyumba zao za mapumziko, kila mtu na msitu wake, wakafanyia kazi huko. Mimi nilipanda treni alfajiri pamoja na wasafishaji wenzangu, madereva wa basi na wahudumu wa wazee, tumebanana, nikaenda kufuta meza ambazo hakuna aliyezigusa. Hilo linaniuma mpaka leo. Meza zilikuwa safi!

Kikohozi cha kweli kiliponianza, mama alidhani nataka kupita, akakimbilia jikoni. Nikakohoa tena, akafunga mlango tena. Jioni mke wangu alinigusa paji la uso, akanitandikia godoro kwenye roshani yetu yenye vioo. Nililala huko nimevaa koti. Lakini choo kilikuwa kimoja, korido moja, na hewa haijui ukwe.

Mama aliugua baada yangu. Alikuwa na kisukari, hakuchelewa kuzidiwa. Ambulansi ilipokwisha kumchukua, daktari alimpigia mke wangu simu, akamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini hatukumtenga mama. Laiti angeniuliza mimi! Stockholm nzima hapakuwa na watu waliotengana kama mimi na yule mama. Tulitengana kwa adabu zote tulizofunzwa. Tulichokosa ni chumba.

Siku chache baadaye muuguzi alimshikia mama simu ili tumwone. Kwa mazoea nilijiondoa mbele ya kamera. Mama akaniita.

“Baba, njoo nikuone.”

Nikasogea nimeinamisha kichwa.

“Inua uso,” akasema, pumzi zikimkatika. Nikainua. Ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana. “Umepona?”

“Nimepona, mama.”

“Basi usirudi tena kule kazini. Watoto hawa wanakutegemea wewe. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama.”

Hatukumwona tena akiwa hai. Tulipokwisha kumzika, msimamizi wangu alipiga simu kuuliza kama nimepata nguvu. Niliwatazama watoto, nikamwambia ninazo. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye treni ya Kista, tumebanana.